Jiko la kuni linachoma sebule, vyumba bado baridi: tengeneza kwanza njia ya hewa

Msomaji wetu wa Makete, mkoani Njombe, anauliza:

"Mimi ni mwalimu. Mwaka jana fundi wa kuchomelea alinitengenezea jiko la chuma la kuotea moto, liko sebuleni. Bomba la moshi ni la inchi 4, linapinda kona mbili, linatoka ukutani na kuishia chini ya upenu. Natumia kuni za mkaratusi. Jioni ukikaa karibu na jiko unaungua miguu, lakini vyumba vitatu vya kulala ni baridi kama nje. Moshi nao unarudi ndani, hasa upepo ukivuma. Fundi anashauri tufunge feni kwenye tundu la hewa ili moto uwe mkali, na ameshalipaka jiko rangi ya fedha ili lipendeze. Mama mkwe amechoka kusubiri, anaingiza jiko la mkaa chumbani kwake. Nifanye nini?"

Mwalimu, pole na baridi. Nianze na sentensi yako ya mwisho, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja wiki mbili, hili haliwezi kungoja hata usiku wa leo. Jiko la mkaa litoke chumbani kwa mama. Mkaa ukishashika na moshi kwisha, watu hudhani hatari imekwisha pia, kumbe ndipo unapotoa hewa ya kaboni monoksaidi bila dalili yoyote. Haina rangi wala harufu, na inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kukosa hewa hakumwamshi mtu aliyelala. Anazidi kulala tu. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Mama akiamka na kichwa kizito, kichefuchefu au kizunguzungu, mtoeni nje mara moja na mumpeleke hospitali, msimwambie apumzike kwanza.

Kwa sasa mpashie kitanda moto kwa njia nyingine. Chemsha maji juu ya jiko la sebuleni, jaza mpira wa maji ya moto, ufunge kwa kitambaa na uuweke miguuni mwake. Tofali la kuchoma lililokaa juu ya jiko jioni nzima, likafungwa vizuri kwa blanketi zito baada ya kupoa kiasi cha kushikika, nalo hufanya kazi hiyo hadi usiku wa manane.

Sasa jiko lenyewe. Nimesoma maelezo yako mara kadhaa na naona matatizo yako yote yanatoka mahali pamoja. Ndani ya nyumba yenye jiko la kuni kuna safari mbili za hewa. Ya kwanza ni ile ambayo moto unaila: inaingia ndani ya jiko, inakutana na kuni, inatoka juu ya paa ikiwa moshi. Ya pili ni ile ambayo watu wanaipumua: inagusa chuma cha moto kwa nje, inapanda darini, inakwenda vyumbani, inapoa, inarudi kwa kupita sakafuni. Safari hizi hazitakiwi kukutana hata kidogo, na kila moja inahitaji mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Kwako ya kwanza imebanwa njiani, na ya pili haijapewa njia kabisa.

Tuanze na bomba, maana jiko halijivutii hewa lenyewe. Linavutwa na bomba. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi. Nguzo ya moshi moto iliyosimama ndani ya bomba refu inapanda, na nyuma yake hewa mpya inaingia kwenye moto. Nguvu ya mvuto huo inategemea hasa vitu viwili: urefu wa nguzo hiyo, na joto lake. Bomba lako ni fupi, na kwa kuwa limepita ukutani na kubaki nje kwenye baridi, moshi unapoa kabla haujatoka. Mdomo wake uko chini ya upenu, mahali ambapo upepo unaogonga ukuta hugeuka na kushuka. Ndiyo maana ukivuma, moshi unarudi kwenu.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi wa mikoani kwetu hawalihesabu, nalo ni mwinuko. Makete iko juu ya mita 2000 kutoka usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo hewa imepungua uzito kwa takriban moja ya tano. Jiko linalovuta vizuri Dar es Salaam likiletwa kwenu litavuta kwa unyonge, na moto ule ule utahitaji hewa nyingi zaidi kwa ujazo ili upate oksijeni ile ile. Kwa hiyo vipimo vya chini vinavyotosha kwingine, kwenu viongezewe.

Ushauri wangu ni huu: bomba liwe la inchi 6. Tofauti ya inchi 4 na 6 inaonekana ndogo kwa macho, lakini nafasi ya kupitia moshi inakuwa zaidi ya mara mbili. Lipande moja kwa moja juu kutoka jikoni, lipite ndani ya nyumba ili lisipoe, litoke paani. Kutoka juu ya jiko hadi mdomo wa bomba usikubali chini ya mita 4.5, ukifikisha 5 au 5.5 utafurahi. Mdomo uwe angalau sentimita 90 juu ya mahali bomba linapotoboa bati, na uwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka hapo, ukiwemo mgongo wa paa lako. Kofia ya kuzuia mvua iwe na nafasi ya kutosha chini yake, isiwe kifuniko.

Msisitize fundi mambo mawili. Bomba la jikoni lisiwe bati lenye zinki, hasa kipande cha kwanza kinachotoka kwenye moto: zinki inayeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi na mvuke wake ni sumu. Atumie chuma cheusi. La pili ni mbao. Bomba la ukuta mmoja likae sentimita 45 kutoka kwenye papi, kenchi na ubao wowote wa dari, na jiko lenyewe sentimita 90 kutoka kwenye mbao, pazia au kochi. Pale paani papi zikatwe na kuhamishwa, na bomba lipitie ndani ya bomba jingine kubwa lenye nafasi ya hewa katikati. Nyumba nyingi hazianzi kuungua kwenye jiko. Huanzia pale juu, ambapo bomba limegusana na ubao kimya kimya kwa miezi, mpaka ubao ukawa mkavu kiasi cha kushika moto.

Bomba likishavuta, ndipo tunazungumza habari za hewa ya jikoni. Watu wengi wanadhani kuni ndizo zinazowaka. Ukweli ni kwamba kuni zikipata joto hugeuka gesi, na karibu robo tatu au zaidi ya uzito wa kuni kavu huondoka kwa njia hiyo. Ndimi za moto unazoziona ni gesi hizo zikiungua. Mkaa mwekundu unaobaki chini ni sehemu ndogo. Kwa hiyo moshi mzito wa kijivu unaotoka kwenye bomba lako ni kuni zako mwenyewe zinazokwenda angani bila kukupa joto. Ili gesi hizo ziungue zinahitaji joto kali, nyuzi 600 na kuendelea, na zinahitaji hewa mpya pale juu zilipo, siyo chini tu kwenye majivu.

Jiko lako, kama lilivyo majiko mengi ya kuchomelewa, lina tundu moja chini ya mlango. Mwombe fundi aongeze njia ya pili: bomba jembamba la chuma linaloanzia nje ya jiko kwa chini, linapanda likigusana na ukuta wa ndani wa nyuma ili hewa ipate moto njiani, kisha linalala mlalo juu ya moto likiwa na vitundu vya milimita 5 hivi vilivyopangwa mstari. Hewa ikitoka pale tayari ni ya moto, haizimi ndimi. Utaona ukiwasha: vitundu vile vinatoa miale midogo kama mafiga ya gesi, na moshi paani unapungua mpaka unabaki mvuke mwepesi. Hiyo ndiyo kazi moja inayostahili pesa ya fundi kuliko zote.

Halafu bamba la kugeuza moshi. Ndani ya jiko, chini kidogo ya tundu la bomba, paweke bamba nene la milimita 6 lililolala mlalo kutoka ukuta wa nyuma kuja mbele, likiacha mwanya upande wa mlango. Ndimi za moto zinalazimika kuja mbele na kurudi nyuma kabla ya kutoka, kwa hiyo joto linabaki jikoni. Moja linatosha. Nasema hivi kwa sababu kuna ramani zinazozunguka zenye njia za moshi zinazopanda, zinashuka, zinapanda tena, eti joto lote libaki ndani. Benjamin Franklin, yule Mmarekani, alichapisha kijitabu kuhusu jiko lake mwaka 1744, na ndani yake moshi ulishushwa nyuma ya bamba kabla ya kupanda dohani. Wazo lilikuwa zuri, ila moshi ulipoa ukishuka na mvuto ukakatika. Waliofuata wakaiondoa njia ile ya kushuka. Kwenye mwinuko wenu tatizo hilo lingekuwa kubwa zaidi.

Pande za ndani za chumba cha moto zivishwe matofali madogo ya udongo mzuri wa mfinyanzi yaliyochomwa vizuri. Hayapotezi joto. Yanaweka moto mkali ili gesi ziungue, na yanakinga chuma cha jiko lako kisitoboke.

Mlango nao upimwe. Weka karatasi ukingoni, funga mlango, uvute karatasi. Ikitoka kirahisi, hewa inaingia hapo bila ruhusa yako, na kila ukijaribu kupunguza moto hautii. Kamba ya nyuzi za kioo inayostahimili moto ndiyo dawa, ila epuka kamba za zamani za asbesto.

Kuhusu feni ya kwenye tundu la hewa, hapana. Jiko salama huvutwa na bomba kutoka juu, na kwa hiyo ndani yake msukumo wa hewa ni mdogo kuliko sebuleni. Penye ufa, hewa huingia jikoni, moshi hautoki. Feni inageuza hali hiyo. Ikisukuma hewa ndani, kila ufa wa mlango na kila kiungo cha bomba kinakuwa mdomo wa kutema moshi na kaboni monoksaidi sebuleni. Moto utakuwa mkali kweli, lakini joto lake litakimbilia paani, kuni zitakwisha haraka na bamba litaungua. Feni nitakupa kazi nyingine, subiri kidogo.

Na rangi ya fedha iondolewe. Naelewa inapendeza, ila uso wa chuma unaong'aa unazuia joto kutoka kama mionzi. Mita moja ya mraba ya chuma cheusi kisichong'aa, kikiwa kwenye nyuzi joto 250, hutoa zaidi ya kilowati 3 kwa mionzi peke yake. Rangi ya fedha inaweza kupunguza hicho hadi nusu au chini ya hapo. Paka rangi nyeusi isiyong'aa ya kustahimili moto, na mara ya kwanza ukiwasha fungua madirisha kwa sababu itatoa moshi na harufu.

Sasa vyumba. Hapa ndipo swali lako lilipolenga, na hapa ndipo wengi wanaongeza kuni badala ya kufikiri hewa inapita wapi.

Kilo moja ya kuni ikiungua hutumia hewa ya mita za ujazo 10 hivi kwenye mwinuko wenu. Ukichoma kilo 2 kwa saa, kwa saa mbili jiko limemeza hewa yote ya sebule ya kawaida na kuitupa nje. Hewa hiyo ni lazima ijazwe na nyingine. Inatoka wapi? Inapenya kwenye madirisha na viambaza vya vyumba vya kulala, inapita korido, inaingia sebuleni. Ina maana kila ukiongeza moto, jiko lako linavuta baridi ya nje kupitia vitanda vya watoto. Suluhisho ni kulipa jiko hewa yake lenyewe: toboa ukuta kwa chini, karibu kabisa na jiko, tundu la inchi 4, liweke wavu wa kuzuia panya na kifuniko cha kufunga jiko likiwa limezimwa. Baada ya hapo unaweza kuziba mianya ya madirisha ya vyumbani bila hofu ya kulinyima jiko hewa. Ukiziba kabla ya kutoboa, moshi utarudi.

Kisha tengeneza mzunguko. Hewa ya moto inapanda na kulala darini sebuleni, na kizingiti cha juu cha mlango kinaizuia kama kingo za birika. Hutoka tu ile inayoshuka chini ya kizingiti. Fungua tundu juu ya kila mlango wa chumba, karibu na dari, la sentimita 20 kwa 30, uliweke wavu wa mbao au matofali ya matundu. Chini ya mlango acha mwanya wa vidole viwili, na usiweke zulia la kuuziba. Tundu la juu bila mwanya wa chini halisaidii, kwa sababu chumba kimejaa hewa baridi tayari. Haiwezi kuingia nyingine kama ile ya zamani haina pa kutokea. Ukitaka kuhakikisha, washa kijiti cha udi usiku jiko likiwa moto, kishike juu mlangoni kisha chini. Moshi wake ukielekea chumbani kwa juu na kurudi sebuleni kwa chini, mzunguko umekubali.

Hapa ndipo feni yako inapopata kazi. Feni ndogo ya volti 12, ile ya sola, usiielekeze kutoka sebuleni kwenda chumbani. Iweke sakafuni kwenye chumba cha baridi zaidi, kwa mfano cha mama, ikisukuma hewa ya chini kuelekea sebuleni taratibu. Hewa baridi ni nzito na iko chini tayari, kwa hiyo feni dogo linaihamisha kirahisi, na ya moto inakuja yenyewe kwa juu kujaza nafasi. Wengi hufanya kinyume na kuishia kupuliza vumbi.

Hukuniambia kama nyumba ina dari. Kama ni bati tupu, basi weka dari kabla ya yote niliyoandika ukiacha la mkaa na la bomba. Bati halizuii joto hata kidogo, na usiku wa Juni na Julai, jalidi linapoanguka, hewa yote uliyoipasha inapanda na kupoea pale. Anza na dari la vyumba viwili kati ya vile mnavyolala kama pesa haitoshi nyumba nzima, na uzibe ule uwazi kati ya ukuta na bati.

Kwa joto la usiku, panga matofali ya kuchoma nyuma na pembeni mwa jiko, yaache nafasi ya sentimita 5 kutoka kwenye chuma, na safu ya chini iwe na matundu. Hewa ya sakafuni itaingia chini, itapanda kati ya chuma na matofali na kutoka juu ikiwa ya moto. Matofali 100 ya kilo 3 yakipashwa kutoka nyuzi 15 hadi 60 yanahifadhi joto la kama kilowati-saa 3, na yatalitoa polepole moto ukishazima. Mbele acha wazi, ili mionzi iwafikie watu.

Hilo ndilo mbadala wa tabia ninayojua iko kwenu: kujaza magogo mabichi saa nne usiku, kubana hewa, na kuuacha moto ufukize hadi asubuhi. Moto wa namna hiyo unatoa moshi, hauleti joto la maana, na moshi ukipoa chini ya nyuzi 120 hivi hugeuka lami inayoganda ndani ya bomba. Lami hiyo ndiyo huwaka siku moja kwa mngurumo na kupasua bomba. Choma moto mdogo lakini mkali, wenye ndimi, upashe matofali, kisha uache ujizime. Kama bomba lina kibamba cha kufungia, kisifungwe kabisa makaa yakiwa bado mekundu. Ukaguzi wa bomba uwe kila mwezi wakati wa baridi. Masizi yakifika unene wa milimita 3, lisuguliwe.

Mwisho ni kuni. Mkaratusi mbichi ni karibu nusu maji. Katika kilo 10 unachoma maji kilo 5, na kuyageuza mvuke kunakula kama moja ya saba ya joto la kuni zote. Hasara kubwa zaidi ni kwamba mvuke huo unapoza chumba cha moto, gesi haziungui, na yote niliyosema juu ya hewa ya vile vitundu vya juu ya moto yanakuwa bure. Pasua magogo yawe ya unene wa kifundo cha mkono, yapange kwa kupishana chini ya banda lililo wazi pembeni, yakae angalau miezi sita, na mkaratusi mnene mwaka mzima. Miwati iliyojaa Njombe ni kuni nzuri sana ikikauka, na hupasuka kirahisi. Kwa msimu huu, ambapo huna muda wa kusubiri, nunua mabanzi ya misindano kwenye viwanda vya mbao: ni membamba, yakianikwa wiki chache kwenye jua na upepo wenu mkavu yanafaa. Yana utomvu, kwa hiyo yachome kwa hewa ya kutosha. Na miwati ya mwakani ikatwe sasa.